Ndiyo au Hapana: Adabu za Mwenye Siri

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mtu mmoja kundini anaweka kitu moyoni: mtu, mahali, mnyama au chombo. Wengine wanamuuliza, naye hana ruhusa ya kujibu ila kwa "ndiyo" au "hapana". Maswali yakifika ishirini bila kitu hicho kutajwa, mwenye siri ameshinda. Wamarekani waliucheza redioni kuanzia 1946, BBC ikafuata 1947 na kuendelea nao hadi 1976. Siku hizi umehamia kwenye makundi ya WhatsApp, ya ukoo na ya waliosoma pamoja, na wakati wake mzuri ni baada ya swala ya Isha, ambapo ndugu aliyebaki Bagamoyo, aliyehamia Mbagala na aliyeko Maskati huweza kukaa baraza moja bila mtu kupanda chombo.

Watu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa kutega na kutegua. Kitendawili kina adabu zake za tangu zamani: mtegaji hatoi fumbo mpaka aambiwe "Tega!", anayeshindwa huombwa mji, na mtegaji akishaupokea mji huo hulazimika kufichua jibu. Anaruhusiwa kujitapa kidogo, akipewa Bagamoyo aeleze alivyofika huko, alivyopokewa, alivyokula akashiba. Lakini jibu hatoki nalo. Hata hivyo kitendawili na mchezo huu vinaachana kwa jambo moja. Jibu la kitendawili linajulikana na wakubwa waliopo, hivyo mtegaji akipotosha, bibi atamkatiza hapohapo. Katika ndiyo-au-hapana jibu analo mtu mmoja tu, naye yuko nyuma ya kioo cha simu. Akiona wenzake wanakaribia, akaihamisha siri kimyakimya kutoka Kaole kwenda Saadani, nani atamshuhudia?

Kwa sababu hiyo mwenye siri ndiye mwenye wajibu mzito kuliko wote. Amewekewa amana na watu ambao hawana njia ya kumkagua. Makundi yenye busara humtaka amtumie jibu, faraghani, mtu mmoja asiyecheza usiku ule, kabla swali la kwanza halijaulizwa. Si dharau kwake. Shahidi humlinda yeye pia, maana siku zote kundini hakosi mtu wa kusema, "Ah, huyo amebadilisha."

Uongo wa makusudi ni nadra. Kinachowagombanisha watu zaidi ni majibu ambayo ni kweli kwa herufi na ni mtego kwa nia. Tuseme siri ni David Livingstone, na mtu anauliza, "Aliwahi kufika Bagamoyo?" Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake safari ya miezi hadi Bagamoyo, wakaufikisha Februari 1874. Ukapokewa katika Misheni ya Roho Mtakatifu, ukavushwa Unguja, na mwezi Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Basi alifika au hakufika? "Ndiyo" tupu itawapeleka watu moja kwa moja kwa Stanley, aliyeanzia msafara wake mjini humo mwaka 1871. "Hapana" itawatoa mjini kabisa, na maswali kumi yatapotelea Tabora na Ujiji. Muungwana hachagui jibu linalomfaa yeye. Husema kwamba swali hilo halitoshi neno moja, muulizaji alipange upya, na halihesabiwi. Anayelipanga upya akiuliza, "Alifika akiwa hai?", ameshapata nusu ya siri bila kuibiwa wala kupendelewa.

Mfano mgumu zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu aliishi Bagamoyo, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa 1903, ni kazi yake. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu akiuliza, "Aliandika kitabu?", mwenye siri atajibu ndiyo. Mchezaji mwenye haraka ataingia Google, atakuta jalada lina jina la Carl Velten, atarudi kundini na malalamiko: mbona mnatudanganya? Mwenye siri asikasirike wala asianze kujieleza, kwa kuwa kujieleza ni kufichua. Inatosha aandike, "Jibu langu ni lilelile, mwishoni nitafafanua." Kisha mwishoni afafanue kweli, maana hapo ndipo mchezo huu unapopita porojo za kawaida za kundi: watu kumi na tano wanaweza kulala usiku huo wakiwa wanamfahamu Mtoro, ambaye jana yake hakuna aliyekuwa akimfahamu.

Waulizaji nao wana adabu zao, na ya kwanza ni kukumbuka kwamba maswali ishirini ni mali ya kundi zima. Hesabu yake inapendeza. Kila swali likigawa yaliyobaki nusu kwa nusu, maswali ishirini yanatosha kutenga kitu kimoja kati ya 1,048,576. Swali la "Ni mtu?" au "Kipo Tanzania Bara?" hugawa. Swali la "Ni Ngome Kongwe?" likiulizwa mwanzoni haligawi chochote, ni bahati nasibu inayochezwa kwa fedha za wenzako. Kwenye kundi la watu sitini hakosekani mmoja wa kurusha makisio matano mfululizo kabla jibu la kwanza halijarudi. Utaratibu wa kungoja ni mwepesi: uliza, subiri jibu, waachie wawili, ndipo urudi.

Aliyechelewa kuingia asome juu kwanza. Hili husemwa kila siku na hupuuzwa kila siku.

Ila kuna namna ya kulisema. Babu akiingia saa tatu na nusu akauliza jambo lililojibiwa tangu swali la tatu, kijana asimjibu "Soma juu!" kama anayefukuza mbuzi. "Shikamoo babu, hilo tulishalipata, si mnyama" inachukua sekunde chache, na swali la babu lisihesabiwe. Wenye uhasibu mkali watanung'unika. Wanung'unike. Kundi la ukoo lilikuwepo kabla ya mchezo, na litakuwepo baada yake.

Utani una nafasi yake. Mzaramo akimwambia mtani wake Mnyamwezi kwamba maswali yake bado yako njiani yanatembea na msafara, watacheka wote wawili. Lakini utani wa maandishi hauna uso wala sauti, na humfikia pia shemeji aliyeingizwa kundini wiki iliyopita, asiyejua nani mtani wa nani. Kwa hiyo utani ubaki kwa wanaojuana, na mtu akinyamaza ghafla, aulizwe faraghani.

Upo pia upande wa simu yenyewe. Mtandao ukisuasua, "ndiyo" moja hufika baada ya maswali manne kupita, na hakuna ajuaye inajibu lipi. Mwenye siri ajibu kila swali kwa kulinukuu, aandike na namba yake: la saba, hapana. Tangu 2023 WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Ruhusa hiyo isitumike kugeuza "hapana" kuwa "ndiyo" kimyakimya, kwani wapo walioshajenga maswali juu ya jibu la awali. Aliyekosea aseme hadharani kwamba la saba alikosea, na maswali yaliyopotea kwa kosa lake yarudishwe. Majibu ya sauti yaachwe kabisa: ndiyo moja haihitaji kula bando la mtu.

Kuhusu kusaidiwa na mashine, kauli iwe moja. Anayependa kupimana na kompyuta anayo Akinator, ambayo tangu 2007 imekuwa ikikisia watu kwa maswali ya namna hiihii. Kuchukua maswali ya kundi na kuyapeleka kwenye programu, kisha kurudi na jibu ukijifanya umelifikiria, ni kuwaibia wenzako kitu pekee walichokuja kukitafuta, yaani raha ya kusumbuka pamoja.

Kinachofaa kuwekwa siri kinahitaji uangalifu kuliko yote yaliyotangulia. Bagamoyo haina uhaba: magofu ya Kaole, mnara wa misheni, Mto Wami, chuo cha sanaa cha TaSUBa, jahazi, chumvi. Kisichofaa ni mtu wa mtaani aliye hai. Maswali yataanza kwa mzaha, "Ni mwanamke? Anakaa karibu na soko?", na yakifika la kumi yatakuwa "Ameachika?" na "Anadaiwa?" Hapo mchezo umegeuka umbea, tena umbea ulioandikwa, unaoweza kupigwa picha na kurushwa kundi jingine kabla ya alfajiri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Lakini hata isingekuwepo, mhusika ana mama, naye huenda yumo kundini. Msimamizi akiona maswali yanaelekea huko, ayafute na kumwomba mwenye zamu achague siri nyingine.

Vilevile marehemu aliyezikwa karibuni asiwekwe. Na taarifa ya msiba ikiingia kundini katikati ya mchezo, hata swali likiwa la kumi na tisa, mchezo unasimama hapohapo. Kisio lolote chini ya taarifa hiyo, hata likiwa sahihi, ni aibu kwa aliyelituma. Zifuate pole na michango. Mchezo hauendelezwi usiku ule, na siri ile haihesabiwi ushindi wala kushindwa.

Usiku wa kawaida, aliyepatia hupewa zamu ya kuweka siri mpya, na akiwa bando limemwishia humpa mwingine. Nawe uliyeshika siri, ukielemewa na usingizi swali likiwa la kumi na saba, omba mji, upewe, utaje jibu, ndipo uzime simu.