Waliomba, Wakaweka Walinzi

JUMANNE

Soma Nehemia 4:7–9. Watu wa Yerusalemu walifanya mambo gani mawili waliposikia mipango ya adui zao? Kwa nini jambo moja halikutosha?

Ukuta ulikuwa haujakamilika, na adui walijua palipo wazi. Nehemia na ndugu zake walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi mchana na usiku. Walinzi hao hawakuwa dalili ya upungufu wa imani. Walisimama pale kwa sababu watu walikuwa wameomba.

Mwenye kisukari anaishi nyuma ya ukuta wenye nyufa. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, kinga ya mwili hudhoofika. Maradhi nayo, kama mafua makali au homa ya mapafu, huipandisha sukari zaidi. Kila adui humfungulia mwenzake mlango. Chanjo hulinda mlango mmoja. Chakula bora, mazoezi, dawa na kipimo cha sukari hulinda mwingine.

Fikiria mama wa Gombani, kisiwani Pemba, aliyeishi na kisukari miaka mingi. Jumatatu anachanjwa. Jumanne kipimo kinaonyesha sukari imepanda, naye anaogopa. Jirani anamwambia chanjo ndiyo iliyomharibu. Ndugu wa kanisani anamshauri aache dawa na kufunga, kwa kuwa Mungu atamponya. Wote wawili wanampenda, na wote wawili wanaweza kumponza.

Mwili unapojifunza kupambana na ugonjwa, sukari inaweza kupanda kwa siku chache. Mama huyu anahitaji kuendelea na dawa, kupima mara nyingi zaidi, kunywa maji na kula kwa wakati. Sukari isiposhuka, au akianza kutapika, aende hospitali upesi. Asifunge wala kubadili dozi ya insulini bila kuongea na daktari.

Chanjo si jambo geni Pemba. Mwaka 2009 wakazi wa baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa, dozi mbili. Hata hivyo, aliyeinywa bado alihitaji maji safi na kunawa mikono. Mlinzi mmoja hamwondoi mwenzake.

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumponya Hezekia. Kwa nini basi Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu?

Hezekia hakuikataa tini kwa kudai kwamba ahadi inatosha. Aliyeahidi kuponya ndiye pia aliyeumba tini, na mkono uliobandika dawa ulikuwa ukimtumikia Yeye.

Je, kuna mtu katika darasa lako anayeficha ugonjwa wake akiogopa kuonekana hana imani? Mtafanya nini juma hili ili aweze kuomba, kuchanjwa na kupima sukari bila aibu?