Siku ya Kumngoja Aliye Nyuma

Sisi tunaokaa Karatu tumezoea safari za watu wengine. Kila asubuhi magari ya watalii hupita mjini kwetu kuelekea lango la Lodoare, na wengi wetu tunakula kutokana na safari hizo: tunaongoza wageni, tunapika, tunabeba mizigo, tunaswaga punda. Iwe safari ya mlimani ni ya wageni au ya vijana wa usharika, swali moja huulizwa mapema: tunaweza kuimaliza kwa siku chache kiasi gani? Linaonekana kuwa swali la kalenda na fedha. Kwetu sisi ni swali la kumpenda jirani.

Tuanze na mwili, kwa kuwa nao ni kazi ya Mungu. Karatu ipo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Mtu akipanda haraka kupita mita 2,500 anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kinauma, chakula kinamchukiza, anatapika, anakosa usingizi. Hewa ya juu ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mwili unaweza kuzoea, ila unahitaji siku. Ndiyo maana hushauriwa kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Huko Nepal, wanaokwenda kwenye kambi iliyo chini ya mlima Everest hupumzika Namche Bazaar, kwenye mita 3,440 hivi. Kwetu Kilimanjaro, wanaopita njia ya Marangu huweza kuongeza siku nzima Horombo, mita 3,720, kabla ya kwenda Kibo.

Siku hiyo ya kupumzika ndiyo ya kwanza kufutwa tunapobana gharama. Kwenye karatasi inaonekana haina kazi. Lakini tukiifuta, nani atalipa? Wale ambao miili yao huzoea upesi hawatalipa kitu. Atalipa mwingine, na hatuwezi kumjua kabla, maana ugonjwa huu hauangalii misuli. Kijana mcheza mpira anaweza kulala chini huku mama wa makamo akiendelea vizuri. Mpagazi naye atalipa. Kilimanjaro mzigo wake una kikomo cha kilo 20, lakini mizani haipimi mwendo: siku zikipungua, njia ya kila siku inarefuka chini ya mzigo uleule, na malipo ya siku yanapungua.

Katika Mwanzo 33, Esau anamwalika Yakobo waende pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja, kundi litakufa. Anamwomba ndugu yake atangulie, naye atakwenda polepole kwa mwendo wa wanyama na watoto. Wafugaji wa Nainokanoka na Bulati wangemwelewa mara moja. Mchungaji hapimi safari kwa miguu yake mwenyewe.

Wapo wapendwa watakaosema kwamba kuhesabu mita na siku ni kukosa imani. Watatukumbusha Waraka wa Yakobo, unaowaonya wanaojigamba juu ya safari zao za kesho. Lakini waraka ule unakemea majivuno; haukemei uangalifu. Mpango usio na siku ya akiba ndio unaojigamba, kwa sababu unadai kwamba kesho hakuna atakayeugua na mvua haitanyesha. Mpango wenye siku ya akiba na njia ya kurudi unasema “Mungu akipenda” kwa vitendo.

Ni kweli kwamba siku na fedha ni chache. Mwalimu hupata likizo fupi, na mfuko wa vijana si mkubwa. Basi tuchague njia inayotosha siku tulizo nazo. Kutoka Nainokanoka, pamoja na askari wa hifadhi, mtu anaweza kupanda ukingo wa Olmoti na kushuka siku ileile. Mwenye siku tatu aende safari ya siku tatu. Asiibane ya siku sita ndani yake.

Na kabla ya kuondoka, tukubaliane mambo mawili mbele ya wote. Kwanza, yeyote, akiwemo mpagazi, aweze kusema “naumwa” bila kuchekwa na bila kukatwa posho. Pili, ajulikane mtu mmoja mwenye neno la mwisho la kugeuka, na neno lake lisibishaniwe kule juu. Ugonjwa huu ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Kumshusha ndiyo tiba ya kwanza, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana.

Basi aliyeugua tusimwombee ili apate nguvu ya kupanda. Tumwombee huku tukishuka naye.