Thamani ya Sauti Moja

Je, asiyebadili sauti ana fungu gani katika wimbo? Biniou, zumari ya mfuko ya Bretagne nchini Ufaransa, ina bomba la kuimbia lenye utete wa ndimi mbili. Vidole hucheza juu ya matundu yake, nazo sifa huliendea hilo. Bomba la pili lina ulimi mmoja, halina matundu ya vidole, na hushika sauti moja nzito tangu mwanzo hadi mwisho. Likinyamaza, wimbo hukosa msingi. Zumari ya Waswahili haina bomba hilo. Msingi wake hutunzwa na ngoma.

Binadamu nao ndivyo walivyo. Huko Mabogini, chini ya mji wa Moshi, mpunga husitawi kwa maji ya mifereji. Mavuno yakifika husifiwa shamba; ni nani amkumbukaye azibuaye mfereji?

Hata hivyo, kudumu pekee si wema. Bomba la sauti moja hurefushwa au kufupishwa kwanza mpaka lipatane na mwenziwe. Likikaza sauti iliyopotoka, huharibu wimbo mzima. Basi mwenye kudumu astahili heshima, naye ana wajibu: ajipime kabla ya kushikilia.