Mabao ya Ugenini

Tafakari ya juma: Yeremia 29:4–7



Juma hili tutafakari msimu mmoja wa mpira, na ndugu zangu mashabiki wa Ingwe mnivumilie, maana msimu wenyewe ni wa mahasimu wenu, Gor Mahia. Mwaka 1987 hao K'Ogalo walitwaa ligi ya Kenya, lakini si ligi inayowafanya wazee wa Gatwekera na Kisumu Ndogo hapa Kibera kuusimulia mwaka ule hadi leo. Ni Kombe la Washindi barani Afrika, lililoitwa Kombe la Mandela yeye Mandela akiwa bado kifungoni.

Mwaka 1979 Gor walikuwa wamefika fainali ya kombe hilohilo wakakutana na Canon ya Yaoundé. Walifungwa 2–0 hapa Nairobi, wakaenda Cameroon wakala sita. Manane kwa jumla, bila hata moja la kufutia machozi. Baada ya miaka minane wakarudi fainali, Austin Oduor akiwa nahodha na Peter Dawo akiibuka mfungaji bora wa mashindano. Safari hii walikutana na Espérance ya Tunisia.

Sasa angalieni matokeo. Tunis, 2–2. Marudiano Kasarani, uwanja uliokuwa mpya kabisa, 1–1. Hawakushinda hata moja kati ya mechi hizo mbili! Kombe lilikuja Kenya kwa sababu mabao mawili waliyofunga Tunis, mbele ya mashabiki wasiowatakia mema, yalihesabiwa kuwa mazito kuliko lile moja la Espérance hapa. (Ulaya waliifuta kanuni hiyo mwaka 2021. Mimi naona walikosea, lakini hilo si la madhabahuni.) Tangu hapo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la Afrika.

Nimeyaleta haya kwa sababu wengi wetu hapa Sarang'ombe tunaishi kama timu inayongojea mechi ya nyumbani. Wanubi hapa ndipo kwao, tangu askari wao wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walipopewa makazi mwanzoni mwa karne iliyopita. Sisi wengine ukituuliza nyumbani ni wapi, tutakujibu Siaya, Vihiga, Kitui. Mti tutapanda kule. Hata utumishi: mtu anakwambia yeye ni mzee wa kanisa kule kwao, hapa anakuja kusali tu. Miaka ishirini, anakuja kusali tu! Watoto wake wamezaliwa hapa na kusoma hapa, na mtaro ulio mbele ya mlango wake hajaugusa.

Watu wa Yuda waliopelekwa Babeli nao walikuwa na manabii wa kuwaambia wasitie bidii, miaka miwili tu watarudi. Yeremia akawaandikia kutoka Yerusalemu wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee heri mji ambao hawakuuchagua. Hakuwaambia wasahau kwao. Ahadi ya kurudi ilikuwapo, ila ilikuwa ya miaka sabini. Pigeni hesabu: mtu mzima aliyesomewa barua ile asingeiona Yerusalemu tena. Kazi yote aliyobakiziwa na Mungu ilikuwa ya Babeli.

Najua mtu ataniambia: Mchungaji, nyumba si yangu, nalipa kodi kila mwezi, na barabara ikipita wanabomoa. Ni kweli. Julai 2018 tuliona nyumba, shule na makanisa ya Kibera yakiangushwa kupisha barabara. Lakini hata wale wa Babeli hawakuwa na hati ya shamba, na barua haikuwangojea waipate. Ushago jenga, sikukatazi. Ninachokataa ni mtu kuishi hapa nusu ya umri wake kama abiria.

Daftari la washirika litakuwa wazi baada ya ibada. Wewe ambaye jina lako liko kanisa la nyumbani pekee, njoo uandikishwe na hapa. Na Jumamosi saa mbili asubuhi vijana wanazibua mtaro wa nyuma ya kanisa: wanahitaji watu wazima, na majembe hayatoshi, kwa hiyo njoo na lako.