Jiwe Lile, Nani Amelichimba?

Jumapili moja baada ya Misa nilipita mbele ya kibanda cha sinema hapa Bunia. Ndani vijana walikuwa wamebanana, na mlangoni watoto wasio na pesa ya kiingilio walichungulia kwa zamu. Nami nikasimama kuchungulia, ingawa kichwa changu kina mvi. Ilikuwa filamu Black Panther, iliyotoka mwaka 2018, ile ya nchi ya Wakanda. Nchi hiyo haimo katika ramani yo yote, ni ya kubuniwa tu. Utajiri wake watoka katika madini yaitwayo vibranium, ambayo hadithi yasema yalianguka kutoka angani zamani sana. Kwa madini hayo watu wa Wakanda wana vyombo, dawa na silaha kupita mataifa yote, na kwa ajili yake watu wanapigana tangu mwanzo hata mwisho. Katikati ya vita, mtoto mmoja wa miaka kumi hivi akamvuta kaka yake shati: “Yaya, ni nani anayeyachimba?” Kaka akamjibu: “Nyamaza, tazama.”

Nimekaa na swali la mtoto yule siku nyingi. Ndugu wasomaji, nataka tulifikiri pamoja, maana sisi wa Ituri twakaa juu ya ardhi ambayo wengine huitamani hata katika hadithi zao.

Kwanza tuelewane. Hadithi za sayansi ni zile zinazosimulia mambo yasiyokuwapo bado: safari za kwenda kwenye nyota, mashine zenye akili, silaha ambazo hakuna aliyeziona. Na kila hadithi yataka kitu cha kuisukuma, kama mtumbwi utakavyo kasia. Mzee akitusimulia jioni habari za pete ya ajabu, pete ndiyo kasia. Waandishi hawa wameacha pete, wakatwaa mashine na mawe. Mwingereza H. G. Wells alibuni mwaka 1895 mashine ya kusafiri katika wakati kama mtu asafirivyo njiani, na mwaka 1901 akabuni kitu alichokiita cavorite, kinachozuia mvuto wa dunia, hata watu wakafika mwezini. Mmarekani Frank Herbert, katika kitabu chake Dune cha mwaka 1965, aliweka kiungo kinachopatikana katika jangwa la sayari moja tu, na wakubwa wote wakipigania. Katika filamu Avatar ya mwaka 2009 jiwe linalotafutwa laitwa unobtanium, neno la mzaha la Kiingereza lenye maana ya kitu kisichopatikana. Ni kama mtu kusema wazi: msiniulize jiwe hili ni nini, fuateni mbio tu.

Mtengenezaji wa filamu Alfred Hitchcock alikuwa na jina la kuchekesha kwa vitu vya namna hii: MacGuffin. Alieleza kwamba kwa watu walio ndani ya hadithi kitu hicho ni cha kufa na kupona, lakini kwa mtazamaji si kitu. Ondoa almasi, weka barua ya siri, hadithi itakwenda vile vile.

Mtu ataniambia: Basi kosa liko wapi? Msimulizi hawezi kumtaja kila mtu. Akitaka kutupeleka mwezini, je, ni lazima atueleze pia aliyewapikia ugali wafua chuma? Neno hili lina haki ndani yake. Hadithi yenye kutaja watu wote ingekuwa daftari la kodi. Tena mimi mwenyewe nazipenda hadithi hizi, wala sitaki vijana wakatazwe. Ninachouliza ni kingine. Mtu aliyezoea tangu utoto kuona jiwe bila mkono, atautambuaje mkono siku atakapokutana nao?

Sikilizeni jambo lililotokea kweli. Mwaka 1914 Wells yule yule alitoa kitabu The World Set Free. Ndani yake alibuni bomu lenye nguvu za atomi, linaloteketeza miji, na kitu cha kulitengenezea akakiita Carolinum. Wakati ule hakuna taifa lililokuwa na bomu la namna hiyo. Mwaka 1932 mtaalamu mmoja Mhungaria, Leo Szilard, alikisoma kitabu hicho. Mwaka uliofuata, akiwa London, akapata wazo la namna nguvu ya atomi inavyoweza kuendelea yenyewe ikiisha kuamshwa, kama moto wa kiangazi unaoruka kutoka jani hata jani. Baadaye akaingia katika kazi ya Wamarekani ya kutengeneza bomu. Dhamiri yake haikulala, maana mwezi wa Julai 1945 alikusanya sahihi za wenzake kumwomba Rais asiwapige Wajapani kwa bomu hilo kabla ya kuwaonya. Lakini tarehe 6 Agosti lilianguka juu ya Hiroshima.

Bomu hilo lilitengenezwa kwa urani, na sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka nchini kwetu, Shinkolobwe, katika Katanga. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo tangu mwaka 1940. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likaja kuyanunua.

Carolinum haikuchimbwa na mtu, ilitoka katika wino. Urani ilitoka mikononi mwa watu. Na bado habari hizi zikisimuliwa, zasimuliwa kama hadithi ya Wells. Twajua jina la mwandishi, jina la mtaalamu na jina la mkubwa wa kampuni. Ndege nayo ina jina, Enola Gay. Hata bomu lina jina, Little Boy, maana yake mtoto wa kiume mdogo. Mchimbaji wa Shinkolobwe, aliyeshika mawe yale bila kuambiwa ni mawe gani, hatajwi.

Sasa tuje karibu zaidi. Mwaka 1980 Mmarekani Michael Crichton alitoa kitabu chenye jina la nchi yetu, Congo, nacho kikatengenezewa filamu mwaka 1995. Wajumbe wa kampuni moja ya Marekani waja msituni, upande wa volkeno za Virunga, kutafuta almasi za buluu zinazofaa kwa mashine za elektroniki. Almasi zimo katika magofu ya mji uitwao Zinj, na kampuni nyingine zashindana nao mbio. Katika safari wanaye sokwe mkubwa jike aliyefundishwa kusema kwa ishara za mikono. Ana jina, Amy, ana tabia zake na huzuni zake. Sisi tulio wenyeji tumo pia, kama waasi, kama wala watu, au kama watu wa kuonyesha njia. Mwishoni volkeno yalipuka na kufunika yote. Nilipokisoma nilicheka sana juu ya sokwe. Kisha nikahesabu wakongo wanaosema jambo la maana ndani yake, nikaacha kucheka.

Wakanda, kwa upande huu, ni afadhali. Huko wenyeji ndio wenye jiwe, na swali la hadithi ni zito: je, nchi yenye dawa na nguvu yaweza kujificha na kuwaacha jirani zake wakiteseka? Mfalme wa hadithi ajibu mwishoni kwamba haiwezi. Jibu jema. Lakini hata huko swali la yule mtoto wa mlangoni halikujibiwa.

Sisi tulikuwa na jiwe letu kabla ya Crichton kuzaliwa. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O’Brien, waliona dhahabu katika mito ya upande wa Kilo, na mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Machifu waliamriwa kutoa watu, na watu wakatolewa, wapende wasipende. Katika vita vya Ituri mji wa Mongbwalu ulipiganiwa na vikundi vyenye silaha, na shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2005, lilihesabu raia wasiopungua 2,000 waliouawa huko kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Dhahabu yenyewe ilivuka Uganda ikafika Ulaya, ikiwa safi, inang’aa, haina harufu ya damu.

Lakini tusiwanyoshee wageni kidole peke yao, maana nasi tuna hadithi yetu ya jiwe. Mmeisikia. Kijana aliondoka kijijini kwa miguu, akaenda machimboni, akarudi na pikipiki. Basi, imekwisha. Yasimuliwa sokoni, yasimuliwa shuleni, yasimuliwa hata nje ya kanisa tukingoja kengele. Shimo lililoporomoka usiku halimo. Zebaki iliyokandwa kwa mikono mitupu haimo. Deni halimo, ingawa kila mchimbaji alijua: PDG wa shimo humlisha mchimbaji miezi kabla dhahabu haijaonekana, na ikionekana hesabu ya chakula hutangulia. Mama wa yule aliyefunikwa na udongo hana nafasi katika hadithi hii, kwa kuwa angeharibu utamu wake. Crichton angalau hakutujua. Sisi twajuana, na twafanya vile vile.

Yuko mwandishi wa Kenya, Katama Mkangi, aliyetoa mwaka 1995 riwaya ya Kiswahili iitwayo Walenisi. Yeye naye ana chombo cha ajabu. Dzombo ahukumiwa kufa, atiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, na badala ya kufa afika katika nchi nyingine yenye haki. Hakuna anayekigombania chombo kile. Kazi yake ni kumchukua mtu tu, ili aone watu wengine wanavyoishi. Na jina la nchi afikayo, ukilikata vipande, lasema: wale ni sisi. Nimefurahi kuona kwamba hadithi ya namna hii yaweza kusukumwa hivyo, tena kwa lugha yetu.

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu alikuja kuniaga. Ameacha masomo, anakwenda Mongbwalu. Sikumkemea, maana baba yake amekwisha kumkemea bila faida. Nilimwuliza tu: “Mwanangu, shimo hilo unalokwenda, ni nani walilichimba kabla yako?” Akafikiri. Alijua jina la PDG. Alijua bei ya gramu moja, ya wiki ile na ya wiki iliyotangulia. Nikamwomba akifika awaulize wenzake, aniandikie.

Juma lililopita nimepata ujumbe katika simu. Hakuna salamu wala maelezo. Ni majina saba tu, na mbele ya mawili ameandika: marehemu.