Jina la Samaki ni Deni

Mvuvi wa pwani hahitaji kitabu ili amjue samaki. Hutazama mkao wa pezi, rangi ya shavu na ukubwa wa jicho, akatamka jina. Na mnunuzi aliyelelewa kwa majina hayo hayo haulizi la ziada. Hata hivyo liko swali ambalo soko halina wasaa wa kulijibu. Ni kitu gani kimfanyacho samaki awe yule aitwaye? Ni sura aliyoivaa, ni uzao aliotokana nao, au ni ulimi tu wa mwenye kumwita? Swali hili laonekana kuwa la watu wenye nafasi ya kukaa barazani. Kumbe ndani yake mna jambo la haki.

Na uchukuliwe mfano wa samaki wawili wenye doa jeusi ubavuni. Wa kwanza ni changu doa, ambaye wataalamu humwita Lethrinus harak. Wa pili ni yule ambaye wavuvi wengi humwita tembo, mwenye mistari ya manjano, na jina lake la kitaalamu ni Lutjanus fulviflamma. Mwanagenzi aliyefundishwa kutazama doa peke yake atawachanganya wawili hawa bila shaka yoyote, kwani doa ni kweli na liko pale pale machoni. Lakini aguse shavu. Shavu la changu ni laini, halina magamba. La tembo limevikwa magamba. Umdhaniaye ndiye siye, walinena wahenga, na alama iliyo wazi kuliko zote si lazima iwe ndiyo yenye kusema kweli.

Tofauti hiyo ya shavu si ya kupendezesha macho tu. Nyuma yake zimejificha namna mbili za kuishi. Samaki wa jamii ya tembo huzaliwa dume au jike na kubaki hivyo hadi kufa, ingawa kwa nje hakuna ajuaye yupi ni yupi mpaka apasuliwe. Jike hukua, na kadiri anavyokua ndivyo mayai yake yanavyoongezeka, si kidogo bali maradufu, naye huyamwaga majini yakachukuliwa na mkondo. Katika jamii ya changu mambo ni mengine: wengi huanza uhai wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume ukubwani. Basi anayevua wakubwa wa tembo hupunguza mama wenye mayai mengi. Anayevua wakubwa wa changu aghalabu hupunguza madume. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Kitanzania, Kamukuru na Mgaya, walichapisha uchunguzi wao kuhusu athari za uvuvi katika uwezo wa kuzaa wa tembo huyo mwenye doa kisiwani Mafia. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezekani kabla ya kujulikana kwa yakini kwamba kilichomo kapuni ni tembo, wala si mwenzake wa doa moja. Hapo jina huacha kuwa sauti tu, likawa mlango wa wajibu. Asiyemjua samaki hawezi kujua anamdai nini, wala anadaiwa nini naye.

Mwenye kutaka kulipima swali hili hadi mwisho wake hana budi kuiacha bahari na kupanda bara, hadi Karatu, mji ulio njiani kuelekea Ngorongoro. Samaki wa baharini akifika huko hufika kwa barafu, na pengine hana kichwa wala ngozi. Shavu lenye ushahidi limebaki pwani, na mlaji hula jina la kuambiwa. Lakini wilaya ya Karatu ina samaki wake yenyewe. Chini ya nyanda za juu, kupita Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, limelala Ziwa Eyasi, ziwa la maji ya magadi na kina kifupi, ambalo hupanuka mvua zikizidi na hunywea jua likizidi. Humo mna perege asiyepatikana ila katika maziwa machache ya magadi ya bara la Tanzania, yakiwemo Eyasi, Manyara, Kitangiri na Singida. Wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Jike wa perege huyu hamwagi mayai kama tembo. Huyabeba kinywani, na vifaranga wakianguliwa huwahifadhi humo humo.

Sokoni samaki huyo ni perege tu. Na sato, aliyesambazwa na watu katika mabwawa na mito mingi ya Tanzania, ni ndugu wa karibu kiasi cha kuweza kuzaana na perege wa kienyeji. Hapo ndipo swali linapouma. Tuseme siku moja sato ameingia Eyasi, wakachanganyika, na baada ya vizazi kadhaa yule wa asili hayupo tena. Nyavu zitaendelea kujaa. Sufuria hazitatambua tofauti. Jina perege litaendelea kuitwa asubuhi kwa asubuhi. Je, kitu kikitoweka na hakuna aliyejua kuwa kilikuwapo, kuna kilichopotea?

Yupo atakayejibu kwamba hapana. Samaki ni kitoweo, na jina ni chombo cha kumfikisha kitoweo kwa mlaji. Chombo kikifanya kazi yake, ya nini kukichunguza? Jibu hili lina nguvu ya njaa ndani yake, na si la kudharauliwa, kwani mwenye watoto wasiokula hahubiriwi habari za magamba. Hata hivyo Ziwa Viktoria limekwisha kutoa funzo. Sato mwenyewe aliletwa humo katika miaka ya 1950, na baada yake sangara akatawala. Ngege, samaki wa asili aliyelisha watu wa mwambao wa ziwa lile kwa vizazi vingi, leo hupatikana hasa katika maziwa madogo ya pembeni. Sahani haikubaki tupu, ni kweli. Lakini liko jambo ambalo wazee walilijua kwa ulimi na wajukuu hawatalijua, na hakuna aliyeulizwa kabla ya badiliko hilo.

Yupo na wa pili, atakayejibu kwa pupa kwamba kilichopotea ni usafi wa damu. Msomaji wa pwani atasita hapa, na ana haki ya kusita. Pwani imeona watu wakipimwa kwa nasaba, mmoja akapandishwa na mwingine akashushwa kwa sababu ya babu ambao hakuwachagua. Hoja iliyowadhuru wanadamu kiasi hicho haifai kukabidhiwa samaki bila kuchunguzwa.

Uchunguzi wake uko upande wa kaskazini, katika wilaya ya Ngorongoro, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Hapo lipo Ziwa Natron, ambalo maji yake humchoma mwenye kidonda na ambalo heroe wadogo wa Afrika Mashariki hulitegemea kuliko mahali pengine popote kwa kuatamia. Kandokando, penye chemchemi za moto, wanaishi samaki wadogo waliozoea magadi ambayo yangewaua samaki wengine kwa muda mfupi. Nao pia majike wao hulea kinywani. Hilgendorf, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin, alimpa mmoja wao jina katika andiko lililotoka mwaka 1905, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa samaki wa Natron ni wa aina hiyo moja. Mwaka 1999 Seegers na Tichy walitazama vinywa, wakasema kwamba aina ni tatu: mmoja kinywa chake huelekea mbele na juu, wa pili ana midomo mipana, wa tatu kinywa kimeinama chini, chafaa kukwangua mwani uliogandamana na mawe.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nyepesi. Lakini mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba, ukaonyesha kwamba aina hizo bado huchanganya uzao kwa wingi. Asili yao ni ziwa moja kubwa la kale lililoanza kukauka yapata miaka 10,000 iliyopita, muda mfupi mno katika hesabu za uumbaji. Vinywa vimeachana, damu haijaachana. Ni watatu nao ni wamoja, na hakuna uongo katika usemi huo.

Basi usafi wa damu si jibu, maana samaki wa Natron hawanao na hawajapungukiwa na kitu. Kuchanganyika kwao ni kwao wenyewe, katika maji yao, kwa mwendo wa vizazi. Sato wa kumiminwa kwa ndoo si mfano wa jambo hilo. Yeye ni uamuzi wa mtu, uliopitishwa kwa msimu mmoja juu ya kiumbe ambaye mtu huyo hakushughulika kumjua. Ubaya hauko katika mchanganyiko, uko katika kutojali. Na kutojali huanzia kwenye jina moja la jumla, ambalo humtosha mwenye haraka.

Katikati ya miaka ya 2000 palitolewa pendekezo la kujenga kiwanda kikubwa cha magadi pale Natron, na mwaka 2008 kampuni ya kigeni iliyohusika ikajitoa. Katika mabishano ya siku zile heroe walitajwa sana, na ilistahili, kwani ndege mwekundu huonekana kutoka mbali. Samaki wa urefu wa kidole hana rangi ya kupigia kelele. Mtetezi wake ni yule aliyeinama majini akatazama vinywa, akaona kwamba waliodhaniwa kuwa wa aina moja walikuwa wa aina tatu.

Ndiyo maana kumtaja kiumbe kwa jina lake ni deni, wala si pambo la lugha. Jina halimiliki samaki wala halimzungushii ua. Humfunga aliyelitamka, kwa kuwa amekiri kwamba amemwona, na aliyekwisha kuona hawezi kuapa kuwa hakuwapo. Mvuvi aliyeshika shavu la tembo akahisi magamba amekwisha kuingia katika deni hilo, hata kama siku hiyo njaa itamlazimisha kumuuza.