Kiti cha Kujitolea: Amana na Kuondoka katika Uongozi wa Klabu

Klabu ya michezo inayoendeshwa na watu wa kujitolea haina mwenyewe kwa maana ya duka au shamba. Ina wanachama, katiba, jina, rangi za jezi na kiwanja, ambacho mara nyingi ni cha kuazima. Juu yake huwekwa kamati ya utendaji: mwenyekiti na makamu wake, katibu, mweka hazina na wajumbe wachache. Hawa hawalipwi mshahara, na wengi wao hutoa hata nauli mfukoni mwao. Muda wao ukiisha, katiba hutaka mkutano mkuu uitishwe, mahesabu yasomwe na wengine wachaguliwe. Hapo ndipo penye mtihani. Zipo klabu zilizostahimili kushuka daraja, kukosa mipira na kunyang'anywa kiwanja, zikaja kuvunjika katika majuma machache ya kubadilishana uongozi. Swali lililo chini ya ugomvi huo ni la dini na falsafa kabla halijawa la katiba: mtu aliyetoa muda wake na mali yake bure, je, alichokijenga kimekuwa chake?

Kwa mwajiriwa jibu ni jepesi. Amefanya kazi, amelipwa, na mshahara umefunga hesabu. Aliyejitolea hajalipwa, kwa hiyo hesabu yake haifungiki. Miaka ikipita, alichotoa huanza kuhesabika moyoni mwake kama deni, na cheo kikawa ndicho malipo yake. Si lazima awe mbadhirifu. Mara nyingi ni mwaminifu kuliko wote: ndiye aliyeamka alfajiri kumwagilia kiwanja, ndiye aliyetoa fedha za gari timu iende mechi ya ugenini, na nyumbani kwake ndiko jezi zilikofuliwa kila Jumapili jioni. Anapoambiwa kwamba muda umekwisha, anachosikia ni kwamba hayo yote yamesahauliwa. Ndiyo sababu mabadiliko ya uongozi katika klabu huuma hata pale ambapo hakuna fedha ya kugombea. Kinachogombewa ni shukrani.

Dini ziliuona ugonjwa huu zamani. Qurani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 264, inaonya kwamba masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inamtaka mtoaji atoe kwa siri kiasi kwamba mkono wake mmoja usijue unachotenda mwingine. Mafundisho yote mawili yanakutana mahali pamoja: sadaka ya kweli humtoka mtoaji kabisa. Mwenyekiti anayesema habanduki kwa sababu ya alivyoihangaikia klabu ametoa kwa mkono mmoja na kudai kwa mwingine. Ameifanya sadaka kuwa rehani.

Sheria ya wakfu, inayojulikana vyema Zanzibar na mwambao wote, inalieleza jambo hili kwa usahihi kuliko hotuba nyingi. Mtu akiweka wakfu nyumba ya kupangisha ili kodi yake iutunze msikiti, tangu siku hiyo hawezi kuiuza, kuirithisha wala kuirudisha. Anaweza hata kuwekwa yeye mwenyewe kuwa msimamizi, lakini ataisimamia kwa niaba ya wanaonufaika, na akikosea huulizwa kama angeulizwa mgeni. Klabu iko karibu sana na hali hiyo. Klabu za soka za Tanzania, Yanga na Simba, zilianzishwa mwaka 1935 na 1936. Zimepita mikononi mwa vizazi vya viongozi, na kila kizazi kilizikuta na kikaziacha. Kiongozi wa klabu ndogo ya mtaani, hata akiwa mwanzilishi wake, yuko katika nafasi hiyohiyo tangu siku mwanachama wa kwanza alipolipa ada.

Kutoka hapo linaeleweka neno amana. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Abu Dharr alimwomba Mtume Muhammad ampe uongozi. Alijibiwa kwamba yeye ni dhaifu, kwamba uongozi ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto isipokuwa kwa aliyeushika kwa haki na kutimiza wajibu wake. Abu Dharr hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa miongoni mwa masahaba waliopendwa na kusifiwa kwa ukweli. Kunyimwa kwake cheo hakukumpunguzia heshima hata kidogo, na hilo linastahili kukumbukwa na kila mjumbe anayedhani kwamba kutochaguliwa tena ni kutukanwa. Kufaa kuwa kiongozi na kuwa mtu mwema ni mambo mawili.

Amana hukamilika inaporudishwa. Kuondoka vizuri, basi, ni sehemu ya kazi yenyewe, na pengine ndiyo sehemu inayozipa maana nyingine zote. Kielelezo kilicho wazi zaidi kimo katika Agano la Kale, sura ya 12 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Samweli amezeeka, watu wamekwisha kupata mfalme. Anasimama mbele ya kusanyiko, na mfalme mpya akiwapo, anawataka watoe ushahidi dhidi yake: kama alimchukulia mtu ng'ombe au punda wake, kama alimdhulumu yeyote, kama alipokea rushwa, ili arudishe. Watu wanajibu kwamba hakufanya lolote kati ya hayo. Uzuri wa tukio hilo uko katika mpangilio wake. Samweli hakujisifu. Aliuliza akawaachia wengine wajibu, na aliuliza kabla ya kuulizwa. Wala hakuwa mtu asiye na doa katika suala hili hasa, kwa kuwa sura ya 8 inasimulia jinsi alivyowaweka wanawe kuwa waamuzi nao wakapokea rushwa. Cheo kuwa cha ukoo ni kishawishi kilichompata hata nabii. Jambo la mwisho analoahidi ni kuendelea kuwaombea watu na kuwafundisha njia njema. Kuamuru hakumo katika ahadi hiyo.

Waathene wa kale waliifanya hesabu hiyo kuwa sheria. Kila ofisa, muda wake ulipokwisha, alipaswa kukaguliwa, na kabla ya kukaguliwa hakuruhusiwa kusafiri nje ya nchi, kuweka mali yake wakfu kwa miungu wala kuandika wosia. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuona kwamba ameshukiwa, maana sheria ilimhusu kila ofisa.

Katika klabu, ukaguzi wa namna hiyo huonekana katika vitu vidogo sana. Siku ya makabidhiano, mezani huwekwa katiba, daftari la wanachama, mihtasari ya vikao, leja, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, muhuri na taarifa ya benki. Kisha wote wanakwenda stoo kuhesabu: jezi za nyumbani seti moja, namba 7 imepotea, jezi za ugenini zimekamilika, mipira minne, mmoja umepasuka, koni, nyavu, pampu. Kila kitu huandikwa kama kilivyo, na pande mbili hutia saini mbele ya mashahidi. Ile namba 7 iliyopotea ina kazi kubwa kuliko thamani yake: ikiandikwa leo, hakuna atakayeitumia mwakani kama tuhuma. Yapo pia mambo ambayo klabu nyingi husahau. Watia saini wa akaunti ya benki wabadilishwe. Laini ya simu inayopokea michango, ambayo kwa kawaida imesajiliwa kwa jina la mweka hazina binafsi, ifungwe au ihamishwe. Nywila za kurasa za mitandaoni zikabidhiwe. Anayebaki na laini hiyo mfukoni kwa nia njema kabisa amebaki na klabu mfukoni.

Baada ya makabidhiano huja jambo gumu zaidi, yaani kurudi kuwa mwanachama wa kawaida. Aristotle, katika kitabu chake Siasa, anaona kwamba sifa ya raia mwema ni kujua mambo mawili, kutawala na kutawaliwa, na kwamba mtu asiyejua kutii hawezi kutawala vizuri. Historia ya Uislamu inatoa mfano ambao ni vigumu kuupita. Umar bin Khattab aliposhika ukhalifa mwaka 634, alimwondoa Khalid bin Walid katika uamiri wa jeshi la Shamu, wakati jina la Khalid liko juu kuliko la amiri yeyote. Mahali pake akawekwa Abu Ubaida. Khalid alibaki jeshini akapigana chini ya amri ya mwenzake. Wanahistoria wanasimulia kwamba Umar hakuona hila kwa Khalid, bali alihofia watu wasije wakadhani ushindi unatoka kwa Khalid badala ya Mungu. Hofu hiyo ina nafasi yake uwanjani pia. Klabu ambayo wanachama wake wanaamini kwamba bila mzee fulani haichezi, imekwisha kudhoofika hata kama inaongoza ligi.

Lakini kukaa karibu kuna hatari yake. Julius Nyerere aliacha urais wa Tanzania Novemba 1985 na kumkabidhi Ali Hassan Mwinyi, akabaki mwenyekiti wa chama tawala, CCM, hadi 1990. Kung'atuka kwake kulikuwa tendo la nadra katika Afrika ya wakati huo na kunastahili heshima yake yote. Hata hivyo, kwa miaka mitano nchi ya chama kimoja ilikuwa na rais mmoja na mwenyekiti mwingine, na mpangilio huo ukiigwa na klabu isiyo na uzito wa Nyerere wala subira ya Mwinyi huzaa kambi mbili. Papa Benedikto wa 16, aliyejiuzulu Februari 2013, aliendelea kuishi ndani ya Vatikani hadi kifo chake Desemba 2022. Siku alipoagana na makadinali aliahidi kumtii atakayemfuata, ambaye bado hakuwa amechaguliwa. Ahadi ya kutii mtu asiyejulikana ni ngumu kuliko ahadi ya kumtii rafiki uliyemchagua, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Mzee wa klabu aliyeondoka anaweza kukaa jukwaani kila mechi. Lakini kocha akimpigia simu kuuliza nani aanze, jibu sahihi ni kumrudisha kwa viongozi waliopo.

Kuhusu wakati wa kuondoka, michezo ya dunia imefundisha kwa gharama kubwa. Issa Hayatou aliliongoza Shirikisho la Soka Afrika tangu 1988 hadi 2017. Katika enzi yake nafasi za Afrika katika Kombe la Dunia zilifika tano mwaka 1998, na mwaka 2010 michuano hiyo ikachezwa Afrika Kusini. Alikuwa na mengi ya kujivunia, lakini baada ya miaka 29 aliondoka kwa kushindwa kura mjini Addis Ababa. Thomas Bach, aliyekuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 2013 hadi 2025, aliombwa na baadhi ya wajumbe akubali kanuni zirekebishwe ili aendelee kupita miaka 12 iliyowekwa. Agosti 2024 alitangaza kwamba hatagombea tena, na Machi 2025 akachaguliwa Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kikomo cha vipindi kina hekima ambayo watu wanaokichukia hawaioni: kinamwokoa kiongozi asilazimike kujiamulia mwenyewe kama bado anahitajika. Hilo ni swali ambalo kila mtu hulijibu kwa kujipendelea.

Pingamizi la kweli, ambalo si kisingizio, ni kwamba mara nyingi hakuna wa kupokea. Mkutano mkuu unaitwa, wanakuja watu kumi na wanne, na hakuna anayetaka ukatibu. Kumlazimisha mwaminifu aondoke wakati klabu itabaki yatima kunaonekana kama kuitupa amana. Jibu lipo, ila linadai kuanza mapema. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, ni Musa mwenyewe anayemwomba Mungu aweke mtu juu ya watu, wasije wakawa kama kondoo wasio na mchungaji, kisha anamwekea Yoshua mikono mbele ya kusanyiko lote na kumpa sehemu ya heshima yake akiwa bado hai. Kwa klabu, hiyo ina maana ya naibu katibu anayeandika mihtasari kwa kweli, naibu mweka hazina anayeijua leja, kijana anayetumwa kwenye kikao cha chama cha wilaya badala ya mwenyekiti yuleyule. Kuandaa warithi si kuwateua. Umar, akiwa kitandani na jeraha lililomuua mwaka 644, aliwataja watu sita wachague mmoja wao, na mwanawe Abdullah akaruhusiwa kushauri lakini si kuchaguliwa. Kiongozi aliyekosa mrithi kwa kipindi kimoja ana udhuru. Aliyekosa kwa vipindi vinne hakumtafuta.

Wanaopokea nao wana wajibu, na wengi huutupa siku ya kwanza. Kamati mpya inayoanza kwa kuwachafua waliotangulia inawafundisha wengine wote wasiondoke kamwe. Shukrani zitajwe mkutanoni na ziandikwe kwenye muhtasari kwa mambo mahususi: aliyepata hati ya kiwanja, aliyeanzisha timu ya wasichana, aliyelala hospitalini na mchezaji aliyevunjika mguu. Fedha alizotoa kiongozi anayeondoka zisiachwe katika giza la hisani. Aya ya 282 ya Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qurani, inaamuru deni liandikwe mbele ya mashahidi, liwe dogo au kubwa. Basi kila kiasi kiulizwe na kijibiwe siku hiyo ya makabidhiano: ulikuwa mchango au mkopo? Ulioandikwa mchango haudaiwi tena, wala hautajwi kwenye ugomvi. Ulioandikwa mkopo hulipwa na kamati iliyopo kwa tarehe iliyokubaliwa, na mdai akifariki, hulipwa warithi wake.